Jina Liliulizwa Baada ya Sikio

Januari ya mwaka 2012, wilayani Kasulu, walikuwapo mapacha wa miaka kumi na minne. Mmoja alikuwa anaingia darasa la saba. Mwenzake alikuwa hajui kuandika jina lake. Tofauti hiyo haikuletwa na maradhi, wala njaa, wala ukaidi wa wazazi. Niliileta mimi, mwalimu mwenye cheti, katika asubuhi tatu za miaka mitatu iliyofuatana, nikiwa nimesimama mbele ya ofisi ya shule na kalamu mkononi.

Nimestaafu mwaka huu wa 2015. Walimu vijana wanaopangiwa huku kwetu juu milimani hunijia nyumbani wakitaka niwaeleze kazi ilivyokuwa. Wengi hutarajia habari za viboko na za kutembea kwa miguu. Hizo zipo, lakini si hizo zinazoniamsha alfajiri. Kinachoniamsha ni mstari wa watoto kwenye ukungu, kila mmoja na mkono juu ya kichwa, wakinisubiri niseme. Nitaeleza mambo yalivyofuatana.

Nilianza kazi Kasanda nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Wakati huo Kasanda ilikuwa wilaya ya Kibondo. Kakonko, iliko sasa, ilikuwa haijawa wilaya. Asubuhi ya kwanza ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba niliisikia shule kabla ya kuiona. Rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti iligongwa, nikafuata mlio wake kama mtu anayeitwa ndotoni, mpaka miguu yangu ikakanyaga ua wa shule. Mwalimu Mkuu, mtu mrefu aliyevaa kaptula na soksi zilizofika magotini, hakunipa chaki. Alinikabidhi foleni ya wazazi na watoto.

"Umewahi kuandikisha?" aliniuliza.

"Bado, Mwalimu Mkuu."

"Basi sikia. Watoto wa huku hawana vyeti vya kuzaliwa. Ukimwuliza mama, atakwambia mtoto alizaliwa siku nyuki walipohamia mzinga wa babu yake. Utaandika nini kitabuni? Nyuki?"

Akanionyesha. Mtoto ananyoosha mkono, anaupitisha juu ya utosi, anajaribu kugusa sikio la upande wa pili. Vidole vikifika, amekaribia miaka saba, aingie darasa la kwanza. Visipofika, arudi nyumbani, ale ugali, aje mwakani. Kipimo hicho kilitumika nchi nzima na kila mwalimu wa rika langu anakijua.

"Mkono upi?" niliuliza.

Alinitazama kana kwamba nimemwuliza jua linatokea upande gani. "Wa kulia, Mwalimu. Shule haisalimiwi kwa kushoto."

Sikuona ajabu. Kwa Waha, watu wa huku kwetu, kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni kumdharau. Akaongeza kanuni ya pili, nami niliishika kwa miaka thelathini. Kitabu cha uandikishaji ni kitabu kikubwa kisichoruhusu kufutwa, na serikali inakikagua. Kwa hiyo sikio kwanza, jina baadaye. "Usichafue kitabu kwa jina la mtoto ambaye hajafika," alisema.

Kutoka Kasanda nilihamishiwa Kibondo mjini, kisha Kitanga wilayani Kasulu, kisha Makere. Nilijifunza kuandika azimio la kazi, yaani mpango wa muhula mzima, na andalio la somo, yaani mpango wa kipindi kimoja. Mkaguzi mmoja wa shule, mtu mkali aliyefika kwa pikipiki bila taarifa, alikagua maandalio yangu na kuandika kwa wino mwekundu kwamba ni ya mfano. Niliitunza karatasi ile. Nasema hivi ili ijulikane kwamba sikuwa mwalimu mzembe. Kosa nililofanya lilihitaji mwalimu mwangalifu.

Kitanga ni juu, na Januari asubuhi kuna baridi. Watoto waliletwa wamefungwa vitenge, au wamevaa masweta ya watu wazima yenye mikono inayopita vidole. Mwaka 2006 bibi mmoja alimleta mtoto wa kike ndani ya sweta la kijani. Mtoto alipoambiwa aguse sikio alinyanyua mkono wa kushoto haraka, kwa furaha, kama mtu anayejua jibu. Niliushusha.

"Wa kulia," nilisema.

Alinyanyua wa kulia. Ulipanda mpaka karibu na paji la uso, ukasimama hapo ukitetemeka.

"Bado. Aje mwakani."

Bibi alinipigia makofi mepesi ya heshima, kama wanavyoaga wazee wa huku, akamshika mtoto, wakaingia ukunguni. Mwakani walirudi, na mwaka uliofuata wakarudi tena. Mtoto alikuwa amerefuka, hilo nililiona, lakini mkono ulisimama pale pale, nami nikasema maneno yale yale. Mara ya tatu hakunyanyua wa kushoto kabisa. Alikuwa ameshajifunza. Baada ya hapo nilihamishiwa Makere na sikumkumbuka tena.

Miaka minne baadaye, Januari 2012, Mratibu Elimu Kata alinirudisha Kitanga. Mratibu ndiye msimamizi wa shule zote za kata, na huyu alikuwa kijana mpole aliyeniita mama.

"Mama, umebakiza miaka mitatu na nusu," alisema. "Nakupa darasa la MEMKWA. Ni kazi nyepesi."

MEMKWA ni mpango wa elimu kwa watoto waliokosa shule. Wenye miaka kumi na minne na zaidi husoma miaka mitatu badala ya saba, kisha hufanya mtihani wa darasa la saba pamoja na wenzao. Hawavai sare. Kazi nyepesi ilikuwa hivi: nipite nyumba kwa nyumba kuwatafuta, niwashawishi wazazi, kisha nifundishe herufi a kwa watu ambao ndevu zinawaota.

Nilianza kupita. Kina mama waliokuwa wakitoka kisimani waliniona, wakachekana na kugusa masikio yao. Kijiji kizima kiliniita Mwalimu Sikio. Nilijua, na nilikuwa nalipenda jina hilo. Siku ya tatu nilifika kwenye nyumba iliyo mwisho wa kijiji, mahali ambapo mashamba ya maharage yanashuka bondeni. Bibi mmoja alikuwa amekaa kwenye mkeka, na msichana mrefu alikuwa akichambua maharage kwenye ungo.

"Mwakeye, bibi," nilimsalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, Mwalimu. Umerudi."

"Nimerudi. Natafuta vijana ambao hawakusoma. Huyu ni nani?"

"Huyu unamjua."

"Simjui, bibi."

"Unamjua. Ulimrudisha."

"Alikuja shule?"

"Mara tatu. Nikiwa nimemshika mkono mimi mwenyewe."

Msichana hakuinua uso. Nilimtazama akifanya kazi. Vidole vya mkono wa kushoto vilikimbia kwenye maharage, vikitupa mawe. Wa kulia ulikuwa umetulia pajani, umekunjika nusu, kama mlango uliokwama.

"Huo mkono una nini?"

"Alianguka akiwa wa kutambaa," bibi alijibu. "Mganga wa mifupa akaufunga. Ukapona hivyo hivyo. Haukunjiki, haunyooki."

Nilikaa chini bila kukaribishwa. "Bibi, kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Wewe ndiye mwalimu. Ulisema mkono haujafika, na kweli haukufika. Nikadhani shule inataka mkono, haitaki mtoto."

Nilimgeukia msichana. Nilikuwa sijawahi kumwuliza jina, si mara ya kwanza, si ya pili, si ya tatu, maana kwangu jina liliulizwa baada ya sikio.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Butoyi."

Mtu yeyote wa Kasulu au Kibondo akisikia Butoyi anajua yupo Bukuru, hai au marehemu. Ni majina ya mapacha: Bukuru aliyetangulia, Butoyi aliyefuata. Bibi akanieleza kwamba mama yao alifariki, baba akaenda mashamba ya tumbaku Tabora asirudi, na ukoo ukawagawana watoto. Bukuru alichukuliwa na baba mdogo, Makere. Mwaka huu yuko la saba.

Bukuru huyo nilimjua. Nilimfundisha mwenyewe kugawanya, Makere, darasa la tano. Nilikuwa nikisoma jina lake kila asubuhi kwenye rejista, nikadhani pacha wake alikufa, kama wengi wanavyokufa, na kwa adabu sikuuliza. Kama mwaka 2006 ningemwuliza mtoto wa sweta la kijani jina lake, lile jina peke yake lingenitosha kuwa cheti: ningeuliza Bukuru yuko wapi, ningeambiwa ameingia darasa la kwanza Makere mwaka ule ule.

"Butoyi," nilisema, "gusa sikio."

"Kwa upi?"

"Wowote."

Aliweka ungo chini. Mkono wa kushoto ukapanda, ukavuka utosi, ukafika sikioni, ukapita, ukagusa shingo. Kwa mara ya kwanza alinitazama machoni.

"Umefika sasa?" aliuliza.

Niliandika jina lake pale pale, na umri wake: miaka kumi na minne. Kalamu ilikuwa nzito. Nilikuwa na muda mpaka kustaafu kwangu kumrudishia alichonyang'anywa. Sikumwambia mtu, lakini kuanzia siku ile kazi yangu yote ilikuwa hiyo.

Darasa letu lilikuwa ghala la zamani la mazao, nyuma ya shule, lenye harufu ya magunia. Wanafunzi walikuwa ishirini na wawili. Kijana mmoja, Zabroni, alikuwa na redio ndogo na maneno yote ya Dar es Salaam. Siku ya kwanza Butoyi aliposhika kalamu, Zabroni alipaza sauti.

"Wewe Butoyi, andika kwa mkono wa watu!"

"Na wewe fikiri kwa kichwa cha watu," Butoyi alijibu bila kugeuka.

Ghala lilicheka mpaka panya wakahama. "Madam, huyu katisha," Zabroni alisema, na tangu siku hiyo alikaa karibu naye apate kunakili.

Ninaloliota zaidi ni mvua. Ghala halikuwa na dari, na mvua ya milima yetu ikipiga mabati hakuna sauti ya mwalimu inayosikika. Walimu wengine husubiri ikatike. Mimi nilifundisha kimya. Niliandika swali ubaoni, nikaweka chaki mezani, nikasogea pembeni. Aliyejua jibu alisimama, akaandika, akakaa. Wakati mwingine tulikwenda hivyo saa nzima bila neno, ukungu ukiingia mlangoni na kututenganisha, nami nikiona mkono tu ukitoka kwenye weupe, ukiandika, ukirudi. Mara nyingi mkono huo ulikuwa wa kushoto. Mwaka wa kwanza uliandika herufi zilizolala kama majani baada ya upepo. Mwaka wa pili uliandika sentensi. Siku moja, baada ya kujibu swali langu, uliandika chini yake swali lake: "Mwalimu, ukungu unatoka wapi?" Nilichukua chaki nikajibu. Akauliza jingine. Tulizungumza kwa chaki mpaka mvua ikakatika, na ilipokatika sote wawili tuliona haya, kama watu walioamshwa.

Mwaka 2014 ulikuja na mambo mawili kwa pamoja.

La kwanza lilikuwa la Mwalimu Mkuu wa Kitanga. Majina ya watahiniwa wa darasa la saba yalitakiwa wilayani, naye hakutaka kupeleka ya ghalani.

"Mwalimu, mimi sina ubaya nao," aliniambia. "Lakini shule zinapangwa, ya kwanza mpaka ya mwisho. Hawa wakifeli wananishusha."

"Na wakifaulu?"

"Wakifaulu, nani atajua walitoka ghalani?"

La pili lilikuwa la baba mdogo. Alifika kutoka Makere amevaa koti, akatangaza kwamba Butoyi amepata mchumba, fundi wa kujenga mwenye nyumba yake ya matofali, upande wa Kasanda, karibu na kwa kaka yake bibi. Maneno ya mahari yalikuwa yameshaanza. Nilimwambia kwamba kumwoza mwanafunzi ni kosa kisheria. Akaniuliza kwa utulivu ni mwanafunzi gani, maana yeye amemwona msichana asiye na sare, anayeingia kwenye ghala.

Mambo hayo mawili yakawa jambo moja. Jina la Butoyi likienda wilayani angepewa namba ya mtahiniwa, na mwenye namba ni mwanafunzi, hakuna wa kubisha. Lisipokwenda, baba mdogo alikuwa na hoja. Niliomba Kamati ya Shule ikutane.

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa muuza duka, mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alitoka pwani akahamia Ujiji, na ambaye bado alisema "hebu tusikizane" kwa lafudhi ya Ujiji. Tulikaa kwenye madawati ya darasa la nne, magoti yakigusa videvu. Baba mdogo alipewa nafasi ya kwanza.

"Waheshimiwa, mimi sikusoma sana," alianza. "Mwalimu huyu alisema mara tatu kwamba Butoyi ni mdogo. Tulikubali. Halafu akaja akaandika kwamba ni mkubwa, tena tangu zamani. Tukakubali. Sasa ana kumi na sita, Mwalimu mwenyewe ameandika. Kama ni mkubwa, aolewe. Kama ni mdogo, mbona mnataka kumpa mtihani wa la saba? Chagueni moja, sisi tutakubali tena."

Watu walicheka. Hata Mwenyekiti alifuta mdomo kwa kanzu.

"Hebu tusikizane," alisema. "Mwalimu, umesikia. Mjibu."

Nilisimama. Kwa miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuona mwalimu akikiri kosa mbele ya wazazi. Tulifundishwa kwamba ukikiri moja watakuletea yote. Niliwaeleza habari za mkono wa kulia, sweta, na jina ambalo sikuuliza. Niliwaambia kwamba mtoto alikuwa ametimiza umri tangu siku ya kwanza, na kwamba miaka ile aliyokaa nyumbani ni yangu, si yake wala ya ukoo.

Hakuna aliyecheka. Baba mdogo alivua kofia.

"Umesema vizuri, Mwalimu," alisema. "Lakini miaka sita utaitoa wapi?"

Nilirudi kukaa kwenye dawati. Ndipo Mwenyekiti akasema, "Aitwe mwenyewe."

Butoyi aliingia, akapiga magoti kidogo, akawapigia wazee makofi mepesi. Mwenyekiti akamwuliza anataka nini.

"Baba mdogo, sikatai kuolewa," alisema. "Bukuru mlimwacha afike la saba. Na mimi niacheni nifike alipofika Bukuru. Halafu tuongee."

Bukuru mwaka 2012 hakufaulu. Alikuwa anaendesha bodaboda Makere. Baba mdogo alifikiri, akaona ombi ni dogo. "Alipofika Bukuru," alisema. "Hapo sawa. Mbele zaidi hapana ahadi." Mwenyekiti akamgeukia Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu akatazama dari, akasema ataandika majina ya ghalani yote ishirini na mawili.

Mtihani ulikuwa Septemba. Siku hizi mtahiniwa hujibu hesabu na masomo mengine kwa kuweka weusi wa penseli kwenye viduara, na mkono wa kushoto huburuta weusi ule kwenye karatasi, mashine ikashindwa kusoma. Kwa mwezi mzima nilimfundisha Butoyi kuanzia viduara vya kulia kwenda kushoto. Siku yenyewe sikuruhusiwa kukaribia. Wasimamizi walitoka shule nyingine. Nilikaa ghalani peke yangu, nikasikia rimu ikigongwa kuanza, na ikigongwa kumaliza.

Matokeo yalipobandikwa, tisa wa ghalani walifaulu. Zabroni hakuwamo, alisema mashine imemwonea wivu. Butoyi alikuwamo, amepangwa sekondari ya kata.

Baba mdogo alifika Januari, na hakuwa na hasira. "Tulikubaliana alipofika Bukuru," aliniambia. "Amefika, tena amempita. Mimi nimetimiza yangu. Huko anakokwenda hatukukubaliana."

Na ni kweli, hatukukubaliana. Mimi, mwanamke wa maandalio na maazimio, nilipanga kila kitu mpaka mtihani, sikupanga siku ya pili yake.

Aliyetuokoa ni bibi. Alijifunga kitenge, akachukua fimbo. "Nilimpeleka mara tatu, nitampeleka na ya nne," alisema. Sekondari iko mwendo wa saa moja na nusu. Alimshika Butoyi mkono njia nzima, msichana wa miaka kumi na saba mwenye sare mpya, akamfikisha kwenye ofisi ya Mkuu wa Shule, akapiga makofi yake, akasema, "Huyu anaitwa Butoyi." Nilikuwa nyuma yao hatua chache. Lile ndilo tendo la ualimu nililoliona likifanywa vizuri kuliko yote, na lilifanywa na mtu asiyejua kusoma.

Nilistaafu Julai. Miezi ile barabara ya Makere ilijaa mabasi yaliyoleta wakimbizi Warundi kambini Nyarugusu, na vumbi jekundu lilikaa hewani siku nzima, hata shughuli ya kuniaga ilikuwa kama inafanyika ndani ya picha ya zamani. Nilipewa kitenge, kiti cha kukunja na mbuzi. Afisa Elimu wa Wilaya alisoma hotuba akasema nimeacha alama isiyofutika, nami nikatazama chini, kwa sababu hilo ndilo nililokuwa naliogopa.

Vijana huniuliza kustaafu kukoje. Ni kama mvua iliyokatika juu ya bati: unaanza kusikia vitu. Nasikia mihogo ikitwangwa kwa jirani, rimu ikigongwa shuleni, na mwili wangu bado unataka kuifuata. Ushauri wangu kwao ni mfupi. Muulize mtoto jina kwanza. Mengine yote yatafuata, hata sikio.

Katikati ya Agosti, Butoyi hakuonekana sekondari. Ninayoyajua ni haya. Bibi alivimba miguu, akashindwa kutembea. Baba mdogo alikuja akamchukua, akampeleka Kasanda kwa yule kaka wa bibi, na Butoyi akaenda naye kumwuguza. Aliacha sanduku lake kwa jirani. Daftari hakuacha. Mchumba yule fundi anaishi kijiji hicho hicho.

Mwanzoni mwa Oktoba nilipanda gari nikaenda Kasanda. Nyumba niliikuta mlango umefungwa kwa kamba, lakini muhogo ulikuwa umeanikwa uani, bado mbichi. Mtu alikuwapo asubuhi ile. Nilimwuliza mama wa nyumba ya jirani.

"Wameenda hospitali Kibondo na mgonjwa," alisema. "Jana. Au juzi."

"Na yule msichana, ameolewa?"

"Mimi sijaona harusi."

"Anasoma?"

"Sijaona sare pia. Namwona akipita na kikapu." Alinitazama. "Wewe ni mama yake?"

"Mwalimu wake."

"Basi atarudi kwako," alisema, kwa namna watu wanavyosema ili mgeni aondoke bila huzuni.

Hospitali ya Kibondo nilipita wodi ya wanawake kitanda kwa kitanda. Bibi hakuwamo. Muuguzi alisema wagonjwa wa miguu huja na kuondoka siku hiyo hiyo.

Sekondari kuna kanuni: mwanafunzi asipoonekana siku tisini mfululizo, jina lake hufutwa kwenye rejista, na kurudi baada ya hapo ni vigumu sana. Juzi nilikwenda kumwona Mkuu wa Shule. Alinifungulia rejista. Jina lipo, na mbele yake mstari mrefu wa alama za utoro.

"Mama, mimi sina haraka ya kufuta," alisema. "Lakini kalenda si yangu."

Nimetuma ujumbe Kasanda kwa dereva wa lori la muhogo, kwa katekista, na kwa Bukuru mwenye bodaboda. Dereva amerudi bila jibu. Katekista hajafika bado. Bukuru aliondoka jana asubuhi na simu yake haipatikani.

Leo ni siku ya sabini na moja.